Bisibisi na Kabureta ya Eleuterio

Kwa miaka ishirini na sita Benita ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga mafuta, mumewe Eleuterio Colque akiwa ameinamia injini na bisibisi mkononi. Kurekebisha kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, si kazi ya mtu mmoja. Mwezi wa nane Benita akafariki, na gari likabaki uani pale Oruro, mji wa juu milimani, likila vumbi, hadi binti yao Nieves alipopiga simu kutoka Cochabamba, mji wa bondeni: "Baba, njoo Sikukuu ya Wafu, tumkumbuke mama pamoja. Usikae peke yako huko."

Siku moja kabla ya safari, Eleuterio aliweka jiwe juu ya pedali ya mafuta ili airekebishe kabureta peke yake. Likateleza, injini ikazima. Akalirudisha, likateleza tena.

Jirani yake, Doña Casimira muuza supu, akachungulia juu ya ukuta. "Don Eleuterio, huyo msaidizi wako mbona hana miguu?"

"Basi njoo wewe mwenye miguu!"

Akaja, sketi zake tatu zikajaza kiti kizima. Alipokanyaga, gari lilinguruma mpaka mbwa wakatimua mbio.

"Taratibu, mama! Hivyo si viazi vya kukausha unavyoponda kwa miguu!"

"Mwenye gari bovu hafundishi dereva," akajibu, lakini akalegeza mguu.

Eleuterio akakaza skrubu, akailegeza kidogo, sikio karibu na injini. Mngurumo ukatulia. Bila kuinua kichwa akasema, "Hapo hapo, Benita."

Casimira akazima injini, akashuka, akasema supu yake itaungua. Eleuterio akabaki akipangusa bisibisi iliyokuwa safi.

Kesho yake akaondoka kwenda kwa Nieves. Hewa ya Oruro ni nyepesi, kabureta huhitaji petroli kidogo tu. Alivyoteremka bondeni hewa ikawa nzito, gari likaanza kukohoa. Akaegesha kando ya barabara. Akawa anafungua skrubu ili petroli iongezeke, anakimbilia pedali, anakanyaga, anarudi kusikiliza. Dereva wa lori akampigia honi huku akicheka. Mara ya nane gari likaitika vizuri. Eleuterio akakaa akilisikiliza. Hapakuwa na wa kumwambia.

Alifika saa kumi jioni. Nieves alikuwa bado kazini. Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye duka la jirani, pamoja na ujumbe kwamba kuna wali jikoni. Eleuterio akala wali wa baridi akiwa amesimama, akaosha sahani, kisha akatoka kwenda kumsubiri ndani ya gari, kwenye kiti alichozoea kukaa Benita.