Wiki Tatu Kwenye Mchanga

Mwalimu wa chekechea alituambia, mimi na mke wangu Hayet: mpelekeni Yosr nje kila alasiri, akae karibu na watoto wenzake, msimlazimishe kitu. Yosr ana miaka mitano, ana usonji, na maneno anayosema hayajai kiganja. Hayet hutoka kazini kiwandani jua likizama, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka kwenye bustani ya mtaa wetu hapa mjini Sfax.

Wiki mbili nzima alichota mchanga kwa kikombe na kuumwaga, peke yake. Mtoto mwingine akimkaribia, Yosr alimgeuzia mgongo. Wiki ya tatu akaja Eya, binti wa jirani yetu Mounira, mtoto asiyeishiwa maneno.

"Huyu hasemi?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi nitasema mimi."

Akaketi, akakinga viganja. Yosr akaitazama ile mikono kwa muda mrefu, kisha akaimiminia mchanga. Siku ya nne ya mchezo huo Yosr alicheka, nami nikageukia uzio watu wasinione machozi.

Jumamosi pikipiki ilipita, ikatoa mlio wa mlipuko kando ya bustani. Yosr akaziba masikio, akapiga mayowe. Eya, kwa huruma tu, akamkumbatia. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilipowafikia, meno ya Yosr yalikuwa yameshazama begani kwa mwenzake.

Jumatatu Mounira alinikuta mlangoni.

"Baba Yosr, sina kinyongo. Najua hakukusudia."

"Eya hajambo?"

"Bega linapona. Ila anashtuka usingizini, na nikitaja bustani analia. Nimlazimishe?"

"Usimlazimishe," nikasema. Angekuwa wangu, ningefanya vivyo hivyo.

Akaniachia maandazi ya moto kwenye karatasi, akaenda zake.

Nikampigia simu mwalimu. "Endelea kumpeleka nje," akasema.

"Acheze na nani?"

"Pole, baba," akasema.

Sasa tukiingia bustanini, akina mama huwaita watoto wao taratibu, bila kututazama. Yosr anachota na kumwaga kama siku ya kwanza. Kila jioni Hayet huniuliza kama mtoto anamtafuta Eya. Namtazama mwanangu usoni mpaka macho yananiuma.