Ulbosyn Alipofunga Visima

Siku ya kumi na tisa ya zamu yetu ya siku kumi na tano, hakuna aliyekuwa akimwamkia mwenzake tena. Basi la kuwaleta wenzetu lilikuwa limekwama mjini, barabara imezibwa na theluji, na kila asubuhi redio ilituambia kesho. Tulikula, tukafanya kazi, tukalala na soksi miguuni. Mimi Esenbai, au Eseke kama wanavyoniita, dereva wa lori la mvuke wa kuyeyushia mabomba, nilifika mahali nikawa nasahau kama nimeshakunywa chai au bado.

Kituo chetu kilipokea mafuta ya visima kumi na viwili. Kinachotoka ardhini si mafuta matupu. Huja kimechanganyika na maji ya chumvi, gesi na mchanga, na vyote huingia kwenye mtungi mmoja wa chuma uliolazwa, mrefu kuliko lori langu. Humo ndani mchanganyiko hutulia: gesi hupanda juu, maji hukaa chini, mafuta hubaki katikati, na kila kimoja hutoka kwa bomba lake. Gesi nyingi ilikwenda kuungua kwenye mwenge, bomba refu lenye mwali usiozimika, na nyingine ilikwenda kwenye tanuri la kupashia mafuta moto, kwa sababu mafuta ya kwetu yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mchuzi wa kondoo uliosahauliwa mezani.

Mwangalizi wa mtungi huo alikuwa Ulbosyn, mjane wa miaka hamsini na mmoja, na alikuwa ameuangalia kwa miaka ishirini na sita. Jina lake maana yake ni "na awe mvulana". Alizaliwa binti wa sita. "Waliomba mvulana, wakapewa opereta," alikuwa akisema zamani, alipokuwa bado na nguvu ya kutania.

Mkuu wa zamu alikuwa Tursyngali, mdogo wa marehemu mume wake. Alihamia kwa kaka yake huyo akiwa na miaka tisa, mama yake alipofariki, na Ulbosyn ndiyo kwanza alikuwa bibi harusi katika nyumba ile. Ndiye aliyemfulia mashati ya shule na kumpeleka kwa daktari wa meno huku akipiga mateke. Kazini na nyumbani Tursyngali alimwita shemeji, na hatukuwahi kumsikia akimpandishia sauti.

Asubuhi hiyo tulikuwa mezani, Tursyngali, fundi Nurpeis na mimi, Ulbosyn alipoingia na ndoo. Aliiweka sakafuni karibu na kiti cha mkuu wake.

"Tursyngali, kioo cha mtungi kinaonyesha nusu."

"Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Kinaonyesha nusu tangu juzi. Hakipandi, hakishuki. Nimekigonga, nimekimwagia maji ya moto, kiko vilevile. Kimeziba nta, hakipimi kitu. Na theluji chini ya mwenge ina madoadoa meusi."

"Huo ni upepo, shemeji. Unapeperusha masizi."

"Masizi hayanati hivi." Alimwonyesha kidole chenye doa jeusi la mafuta. "Na hii ndoo nimeikinga kwenye bomba la gesi, pale chini tunapotolea unyevu. Siku zote hutoka kikombe cha maji. Leo imejaa ndoo nzima, na ni mafuta."

Nurpeis aliinama akaichungulia. "Basi leo tunakaanga maandazi," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Unataka tufanye nini?" Tursyngali aliuliza.

"Tufunge visima vyote, tufungue mtungi, tuone ndani kuna nini."

"Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Tukifunga leo, mabomba yote kumi na mawili yataganda mpaka huko visimani. Nani atayazibua? Eseke peke yake na lori lake?"

Wote wawili walinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno la maana, na nililolisema bado linanikaa kooni. "Mimi nimechoka, Ulbosyn," nilisema.

Ulbosyn akamgeukia shemeji yake.

"Ofisi imeniambia jana kisizimwe hata kisima kimoja," Tursyngali alisema. "Basi likifika, wenzetu wenye nguvu watafungua mtungi. Wewe mwaga hiyo ndoo kila baada ya saa moja. Nakuomba, shemeji."

"Kila saa," alisema, akaichukua ndoo akatoka.

Haukupita muda, pampu ya kisima namba tisa ikasimama, na Tursyngali akaondoka na Nurpeis kwenda kuitazama, kilomita saba kutoka kituoni. Nilibaki nikipasha mitambo ya lori, na kupitia kioo nilimwona Ulbosyn akienda na kurudi. Saa tatu alimwaga ndoo moja. Saa nne alimwaga mbili. Alitembea amejipinda, shali imefunga uso wote isipokuwa macho, na kila alipoinua ndoo alisimama kwanza, kama mtu anayejiuliza hiyo ni kazi ya nani. Saa tano ndoo zilikuwa sita, na alipofungua vali mara ya saba mafuta hayakukatika tena.

Alikuja akagonga mlango wa lori.

"Eseke, washa mvuke."

"Kuna nini?"

"Nafunga."

"Lakini Tursyngali amesema..."

"Nimesikia alichosema, nilikuwepo. Nimemwita kwenye redio, upepo mtupu. Mtungi umejaa mpaka juu, Eseke. Mafuta yanaingia kwenye bomba la gesi, na bomba hilo linakwenda wapi?"

Lilikwenda kwenye tanuri lenye moto, hatua ishirini kutoka kwenye tangi la mafuta, na hatua kumi na tano kutoka kwenye kibanda tulimolala. Uchovu uliniondoka ghafla, kama mtu aliyevuliwa koti kwenye upepo.

Alianza na tanuri. Alifunga gesi, moto ukazimika. Kisha tukakimbilia vali za visima, pale mabomba yao yanapoingia kituoni, magurudumu kumi na mawili yaliyoshikwa na barafu, tukayazungusha kwa nondo. Tulikuwa ndiyo tumemaliza la nne niliposikia sauti kama ya maji yanayomwagika kwenye kikaango. Niligeuka. Mafuta yaliyokuwa yameshaipita vali ya gesi yalikuwa yakitoka kwenye kichomeo, pale ulipokuwa mwali dakika chache nyuma, yakimwagikia matofali yaliyokuwa bado mekundu. Moshi mweupe ulifuka mlangoni mwa tanuri, ukaanza kugeuka njano.

"Mvuke!" Ulbosyn alipiga kelele. "Ingiza mvuke ndani!"

Niliburuta mpira wa lori nikauchomeka kwenye mdomo wa tanuri na kufungulia mvuke wote. Ulimi mmoja wa moto ulitoka, ukanipitia begani, ukarudi ndani. Baada ya hapo sikuona hata mikono yangu. Nilisimama katika wingu lile kwa robo saa nzima nikisikia kitu kimoja tu nyuma yangu: chuma kikigonga chuma, kikinyamaza, kisha kikigonga mbele kidogo. Alikuwa akifunga magurudumu manane yaliyobaki peke yake.

Wingu lilipopungua nilimkuta amekaa kwenye theluji kando ya gurudumu la mwisho. Glavu zake zilikuwa zimechanika, na ngozi ya viganja imebaki kwenye nondo. Mwenge ulikuwa umezimika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusikia upepo wa kituo chetu bila ule mngurumo wake.

"Umeungua?" aliniuliza.

"Koti tu."

"Basi nisaidie nisimame."

Tursyngali alirudi mbio kwa sababu hakuuona mwenge. Aliruka kwenye gari kabla halijasimama.

"Nani amefunga?"

"Mimi," Ulbosyn alisema.

"Miaka ishirini na sita kazini, shemeji, na umeshindwa kusubiri muda wa saa mbili nirudi?" Sauti ilimpanda, na Nurpeis alitazama pembeni. "Unajua umefanya nini? Wiki nzima tutakuwa tunayeyusha mabomba! Wiki nzima!"

Ulbosyn alimwelekeza kwenye tanuri kwa mkono uliofungwa kitambaa. Tursyngali alikwenda, akachungulia, akaona mafuta yakidondoka taratibu kutoka kwenye kichomeo. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona.

Tulipoingia kibandani simu ya ofisi ilikuwa inalia. Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka mlangoni.

"Nani kafunga visima?"

Tursyngali alimtazama Ulbosyn, kisha akautazama ukuta. "Opereta."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuwa na amri."

Hakusema uongo hata neno moja. Ulbosyn alikusanya vikombe vya asubuhi, akaanza kuviosha na vile viganja vyake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Tuliupitishia mtungi mvuke mchana kutwa na usiku kucha, tukauacha wazi upoe, halafu Nurpeis akapima hewa ya ndani. Wavu wa juu, wa kuzuia mafuta yasipande na gesi, ulikuwa umeng'oka na kuanguka. Mchanga na nta vilikuwa vimejaa mpaka magotini na kuziba tundu la kutokea mafuta, na boya lililopaswa kufungua vali lilikuwa limenasa humo kama nzi kwenye asali. Kusubiri wenzetu lilikuwa ni wazo la kipumbavu, na kila mmoja wetu alilijua hilo bila kuambiana.

Kanuni ilikuwa mtu aingie na kamba kiunoni, akae dakika ishirini, atoke. Tursyngali alijifunga kamba yeye mwenyewe, wa kwanza. Zilipotimia dakika ishirini Nurpeis alivuta kamba, na kutoka ndani ikasikika: "Niache." Alitoka baada ya arobaini. Alipumzika kidogo akarudi tena. Siku ile tulitoa matoroli thelathini na moja, na nusu yake yalikuwa ya koleo lake.

Jioni alikaa kwenye ngazi ya kibanda, nywele zimeganda nta. Ulbosyn alileta beseni la maji ya moto na sabuni.

"Inamisha kichwa."

Aliinamisha. Alimwosha kwa ncha za vidole kwa sababu viganja vilimuuma.

"Shemeji, nilikutaja wewe," alisema akiwa ameangalia chini.

"Nilisikia."

"Nitaandika ilivyokuwa. Kwamba ulinionya saa mbili asubuhi, na nikakataa."

"Andika au usiandike, Tursyngali. Mimi nataka kulala tu. Fumba macho, sabuni."

Aliandika kweli. Alitusomea ripoti kabla ya kuituma, akikwama kwenye maneno yake mwenyewe, na mimi nikamwambia aongeze kwamba dereva wa mvuke naye aliulizwa akasema amechoka. Alisema hiyo haimo kwenye fomu. Nilimwambia aiandike pembeni.

Siku nne tuliyeyusha mabomba, mita baada ya mita. Visima viwili havikurudi kutoa kitu cha maana mpaka leo. Barua ya onyo ambayo ofisi ilikuwa imeshampa Ulbosyn haikufutwa. Walichofanya ofisini ni kuongeza ya pili, ya Tursyngali, na majira ya kuchipua wakamvua ukuu wa zamu. Sasa anatembea kwa miguu akikagua visima kama alivyoanza.

Basi lilifika siku ya ishirini na tano. Hatukuwasalimu wenzetu vizuri, tulipanda tukalala. Mjini Tursyngali alishuka nasi, ingawa kwake ni mbali, akambebea shemeji yake mkoba mpaka ghorofa ya nne. Mimi nakaa ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Nilikuwa bado nahangaika na ufunguo wangu alipopita akishuka.

"Vipi yeye?" nilimuuliza.

"Alisema anachemsha chai. Nikageuka kuvua viatu, nikamkuta ameshalala mezani." Alijifuta uso kwa kofia. "Nimemfunika koti langu, Eseke. Sikumwamsha."

Akashuka ngazi akaenda na sweta tu, katika baridi ile.