Mshipi Usioijua Chumvi

Kosa langu lilikuwa kufundisha vizuri mno.

Nafanya kazi katika duka la vifaa vya uvuvi. Nilisomea viumbe wa baharini chuoni, lakini kwa kuwa naona haya mbele za watu, tajiri wangu alinipa kazi za uani: kusafisha, kupaka grisi, kufunga mishipi, na kuwafundisha wanaoanza kurusha mshipi, mmoja mmoja, kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya duka. Mwanafunzi mmoja namudu. Wakiwa wawili, jasho linanitoka.

Jumatano ile mwanafunzi alikuwa dada yangu.

"Konokono!" aliita toka mlangoni. Jina hilo alinibandika tangu utotoni, kwa sababu nikiguswa najificha. "Toka kwenye gamba lako. Nimekuja shule."

Begani alikuwa amening'iniza mfuko mrefu mweusi wa fimbo ya kuvulia ya shemeji. Jumamosi wangetimiza miaka kumi ya ndoa, naye alitaka kumshtukiza mumewe: angepanda naye gari hadi baharini, asimame naye majini, arushe kama yeye. Kwa miaka miwili shemeji alikuwa akiondoka kila Jumamosi alfajiri na mfuko huo, akirudi jioni na samaki wawili watatu.

"Na wameshaparwa," dada alijigamba. "Gamba hulioni. Kawachanja kabisa, mikato mitatu upande huu, miwili upande ule. Wewe niambie, mume kama huyo wanauza wapi?"

"Sijui. Sisi tunauza ndoana."

Alicheka mpaka akaketi.

Nilianza na fimbo ya duka. Nikamweleza kwamba katika uvuvi wa kawaida kile kizito cha risasi ndicho kinachovuta uzi kwenda mbali. Huku hakuna risasi. Chambo ni ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na dagaa au uduvi, tunaiita nzi, na ni nyepesi kiasi kwamba ukiirusha peke yake itakuangukia vidoleni. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ndiyo maana ni mnene kama tambi. Unarusha mshipi, nzi anafuata tu kama mgeni aliyealikwa.

Kwa mazoezi nilifunga kishada cha sufu badala ya ndoana.

"Peleka nyuma. Subiri mshipi unyooke nyuma yako. Halafu mbele."

Hakusubiri. Mshipi ukamchapa mgongoni.

"Subiri, dada."

"Mimi na kusubiri wapi na wapi?"

Ukamchapa tena, safari hii sikioni. Mara ya sita ukanyooka, ukapita juu yetu, ukatua mbele kimya. Dada akapiga kigelegele hadi tajiri akachungulia dirishani.

Nami, kwa furaha, nikaendelea kufundisha. Ndiyo nikasema yale mawili. La kwanza, chumvi haina rafiki. Hata ukiosha vifaa kwa maji ya bomba kila urudipo, itaacha alama: skrubu zitaota weupe, kishikio kitafifia. La pili, mshipi mpya ukikaa muda mrefu kwenye rili, kile kigurudumu cha kuuzungushia, hushika umbo lake. Ukiuvuta unatoka umejikunja kama springi. Ukishaloa na kuvutwa na samaki mara chache, unatii.

"Chumvi haina rafiki. Mpya hujikunja, uliotumika hutii," dada alirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Haya, sasa ya mume wangu."

Nikafungua zipu.

Kishikio bado kilikuwa na plastiki yake. Hilo nililisamehe, kuna watu hawaivui hata kwenye makochi. Nikaitazama rili. Skrubu zilikuwa ziking'aa. Kisha nikaona kikaratasi cha njano kilichozungushiwa mwanzo wa mshipi na kubanwa kwa mpira. Kikaratasi hicho nilikiweka mimi, wiki yangu ya kwanza kazini, shemeji alipokuja kununua. Niliona haya kumwambia kwa mdomo, nikaandika: *Kila la heri, shemeji.* Huwezi kurusha hata mara moja bila kukitoa. Na kilikuwa pale pale, hakijachanika hata pembeni.

Jumamosi mia moja.

Nikakitoa, nikakifumbata.

"Dada, hii ina hitilafu. Tumia tu ya duka."

"Acha mambo yako."

Akainyakua. Akavuta mshipi, nao ukaangukia nyasi ukiwa umejikunja, duara juu ya duara. Akavuta zaidi. Maduara yakaongezeka miguuni pake. Dada yangu asiyejua kusubiri alisimama hapo, akayatazama muda mrefu.

"Konokono. Umesema unakuwa hivi mpaka lini?"

Nikainama kuyakusanya maduara.

"Nakuuliza wewe. Mpaka lini?"

"Mpaka utumike."

"Fungua mkono."

Nikafungua. Akasoma. Uso ukamwisha rangi.

Saa kumi na moja jioni shemeji akaja, kwa kuwa dada alimpigia simu aje kumchukua, ametokea kazini moja kwa moja, maana yeye ni fundi majokofu, na bado alikuwa na bisibisi mfukoni. Alipita mlango wa uani akipiga mluzi. Alipouona mfuko, mluzi ukakatika.

"Nani?" dada aliuliza.

"Mke wangu, hakuna mwanamke."

"Sijasema mwanamke. Nimesema nani."

Shemeji akanitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Baba yenu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Baba yetu alikufa nikiwa na miaka minne. Dada ndiye aliyeniambia, yeye akiwa na kumi na miwili, ameketi ukingoni mwa kitanda changu. Nikamgeukia anisaidie kucheka. Hakuwa akicheka.

"Niliitwa kutengeneza friza soko la samaki," shemeji alisema taratibu. "Kulikuwa na mzee anapara samaki kwa mkono mmoja. Akaona picha yako kwenye simu yangu, kisu kikamdondoka. Akaniuliza mama yake huyu ni nani. Nilipomtajia, akasema wewe ni mwanawe. Amepooza upande mmoja. Hana mtu. Jumamosi namwogesha, namnyoa, namfulia. Ungekataa nimhudumie, na mimi nisingeweza kumwacha. Nikanunua fimbo."

"Mitatu huku, miwili kule," dada alisema, kama mtu anayeongea usingizini. "Miaka miwili nakula mkono wake."

"Dada," nikasema. "Uliniambia amekufa."

"Aliondoka. Kila siku nilikaa dirishani. Mwaka mzima, mpaka marehemu mama akaning'oa pale kwa nguvu." Akameza mate. "Mimi nilimsubiri. Nikataka wewe usimsubiri."

Baba yangu alikuwa hai, ana mkono mmoja mzima, na mimi nilikuwa nimemla samaki wake Jumapili ngapi mezani kwa dada, nikalamba na vidole.

Dada akainama, akaanza kurudisha mshipi kwenye rili. Aliukusanya vibaya, wote upande mmoja, nami sikumsahihisha.

"Samaki anamshikaje," aliuliza bila kuinua kichwa, "kama mkono ni mmoja?"

"Anambana kwa kiwiko kile kilichokufa."

Rili ikasimama. Ikaendelea.

"Jumamosi unaondoka saa ngapi?" Sauti ilitoka kubwa, na sote tukashtuka, maana ilikuwa yangu.

"Saa kumi na moja alfajiri," shemeji alijibu, akimtazama mkewe.

Dada hakusema atakuja. Hakusema amesamehe, wala yule wala huyu. Alimaliza mshipi, akafunga zipu ya mfuko, akamkabidhi mumewe bila kumgusa. Alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"We Konokono. Uvae sweta. Alfajiri kuna baridi."