Kichwa cha Kioo cha Binti wa Fundi

"Mwenzangu, hicho kichwa cha binti yako unakisafisha kwa sabuni gani?" jirani muuza mkaa aliwahi kumuuliza fundi cherehani, mama mjane. Fundi alimjibu kuwa sabuni huacha ukungu. Yeye hutumia kitambaa kikavu, kama kwa dirisha.

Kichwa cha binti kilianza kupitisha mwanga mwaka uleule alioanza kusikia sauti. Ukikaa naye dirishani unauona ubongo wote, na ile sehemu ya kusikilizia inawaka hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Muuguzi wa zahanati alikuja, akainama, akaonyesha kwa kidole: hapa nyuzi zimeshikana tangu tumboni, hapa kemikali inamwagika kupita kiasi. Si laana, wala si malezi ya mama. Kwa nini yeye na si mwingine, anajua Mungu. Lakini pa kutazama ni hapa. Akamwachia binti vidonge. Taa ile ya kichwani ikafifia, binti akarudi kushona matundu yake ya vifungo. Hata siku za makelele mkono wake haukutetereka. Aliziambia sauti zingoje amalize shati, na mara nyingine zilingoja.

Ndipo baba mkubwa, kaka wa marehemu mume wa fundi, akaja na uamuzi wa ukoo: fundi ndiye aliyemroga mtoto, basi aihame nyumba ya marehemu na binti amwache kwao.

"Damu yetu haina wazimu, shemeji. Umekuja nao wewe."

Aliyasema hayo amesimama mbele ya kioo cha wateja. Binti akainua macho kutoka kwenye shati.

"Baba mkubwa, na kichwa chako kinaonyesha."

Baba mkubwa akajitazama kiooni. Paji lake lilikuwa angavu kama glasi, na nyuma yake nyuzi zilezile zimeshikana palepale, ila taa haijawaka. Muuguzi alishawaeleza fundi na binti kuwa huwa hivyo: jambo hili hutembea kwenye damu, na si kila aliyelirithi huugua.

Barazani wateja walikuwa wanangoja nguo zao. Fundi hakucheka, wala hakumkumbusha shemeji maneno yake. Alimpima kichwa, akakata kitambaa cheusi, akashona kofia; binti akamalizia pindo kwa mkono. Wakamvalisha, wakaiteremsha mpaka kwenye nyusi. Ilimkaa vizuri sana.

"Mwisho wa mwezi, shemeji," alisema baba mkubwa, "uwe umeshatoka."

"Usiivue juani," fundi akamwambia. "Juani ndiko kinakoonekana zaidi."

Baba mkubwa akaishika kofia kichwani kwa mikono miwili, akapita katikati ya wateja, akaenda zake.