Injini ya Kisima

Umeme uliporudi alfajiri, Odalmis aliruka kitandani, akaenda uani bila viatu. Katika mji wa Palma Soriano hakuna aliyejua ungekatika tena saa ngapi, na mashine ya kuchomelea haili upepo.

Kigari kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali. Zamani kilizungusha watoto bustanini. Siku hizi, kikiwa na kiti cha pili, kilikuwa kikimpeleka mumewe Eliécer hospitali kusafishwa damu, maana basi la wagonjwa lilikosa mafuta. Sasa injini yake ilikuwa imepasuka pistoni. Jirani yao, Mzee Remberto, akafungua injini ya pampu ya kisima chake, akawaletea.

"Na nyanya zako, mzee?" Odalmis aliuliza.

"Nyanya nitazimwagilia kwa ndoo. Mumeo nitammwagilia nini?"

Shafti ya pampu ilikuwa nyembamba kuliko tundu la klachi. Odalmis alikata kipande cha bomba, akakipiga msasa mpaka kikaingia kwenye shafti kama pete kidoleni, klachi ikabana. Akachomelea bamba kwenye fremu, akafunga injini, akavisha mnyororo.

"Mnyororo umekwenda upande, mke wangu," Eliécer alisema kutoka mlangoni, uso umemvimba.

"We mgonjwa au fundi?"

"Mgonjwa mwenye macho."

Alisema kweli. Odalmis akalegeza bolti, akaisogeza injini mpaka gia yake ikakaa mstari mmoja na ile ya ekseli. Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikazima. Akavuta tena, ikanguruma, magurudumu yakazunguka hewani.

"Ilizoea kuvuta maji," Remberto alicheka, akipangusa macho. "Leo ivute mtu!"

Njiani kwenda hospitali, kwenye njia panda karibu na duka la mkate, mkaguzi wa magari aliinuka kitini, akawasimamisha Odalmis na mumewe. Aliinama, akasoma namba ya injini, akasoma kibali.

"Hazilingani."

"Ile ya kwenye kibali imekufa, bwana."

"Basi irudishe, ndipo upite."

"Nirudishe iliyokufa?"

"Iliyoandikishwa, mama. Mimi naangalia iliyoandikishwa."

"Mume wangu anangojwa hospitali."

"Kila mtu anangojwa mahali."

Eliécer alifumba macho. Odalmis alimtazama, kisha akaizima injini.

"Chombo kisichowaka injini kinahitaji kibali?"

Mkaguzi alifikiri. "Hapana. Huo ni mkokoteni."

"Asante."

Akashuka, akaweka bega nyuma ya kiti. Kigari kilisogea kidogo, kikagoma. Barabara ilikuwa inapanda. Kwenye foleni ya mkate mwanamke mmoja mnene alikunja mfuko wake, akatoka.

"Nyie wanaume mnangoja kubembelezwa?"

Wakatoka watatu. Walisukuma wakihema na kumtania Eliécer kwamba kwa mtu aliyekatazwa chumvi na daktari ni mzito mno. Walimpitisha mbele ya mkaguzi, wakapanda mlima, wakakata kona.

"Na foleni yenu?" Odalmis aliuliza. Aliwashika mikono mmoja mmoja, mikono yake ikiwapaka grisi.

"Mkate wenyewe hata haujafika, shoga," yule mwanamke alisema. "Nenda!"

Akavuta kamba. Injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Angeweza kuondoka taratibu, lakini alikanyaga mafuta mpaka mwisho, papo hapo, ili ule mngurumo ushuke mlima na kumfikia mkaguzi kwenye kiti chake.

Eliécer aligeuka, akawapungia mkono uliovimba wale wanne waliokuwa wakishuka kwenda kusimama mkiani mwa foleni.