Thelathini kwa Moja

Binamu yangu Eliudi ana ndege. Nasema ana, kwa sababu kuwa nayo ndicho kitu pekee alichowahi kufanya nayo.

Ndege yenyewe haina injini na haikuwahi kuwa nayo. Ni ya mbao na kitambaa, kiti kimoja, umri wake umepita miaka sitini. Gari huivuta kwa kamba ndefu mpaka ipande, kamba inaachiwa, halafu rubani anatafuta hewa ya moto imnyanyue zaidi. Baba yangu, Jonasi, aliachiwa na padre mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao, akairusha pale Nachingwea miaka ishirini na mitano. Mimi alinifundisha nikiwa na miaka kumi na sita. Yeye alikarabati mbao, mimi nikashona kitambaa cha mabawa. Mkono wangu wa cherehani ulizaliwa humo, na leo nina duka la kushona Ruangwa mjini.

Baba alipofariki, ndege ilikwenda kwa Eliudi. Kwetu Wamwera mali ya mwanamume huchukuliwa na mtoto wa dada yake, na Eliudi ni mtoto wa shangazi yangu Catherine. Sikugomba. Niliomba kitu kimoja tu, aniruhusu niendelee kuirusha.

"Bila shaka, binamu," akasema. "Ngoja kwanza niiboreshe kidogo."

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Ndege ya baba, kwa kila mita moja inayoshuka, husonga mbele mita kumi na saba. Eliudi alisoma kwenye simu kwamba za kisasa zinafika thelathini na kuzidi. Tangu siku hiyo akaugua thelathini. Aliiandika kwenye ukuta wa banda, akaichapisha kwenye fulana, akaiweka hata mbele ya jina lake kwenye simu. Ukimpigia kumpa pole ya msiba, unasoma Thelathini Eliudi.

Alianza kwa kuziba nyufa za mabawa kwa selotepu, na hapo nampa haki yake, alipatia. Angeishia hapo ningempikia kuku. Lakini alikata ndoo mbili za plastiki za lita ishirini, akazifunga kwenye ncha za mabawa zikasimama kama masikio ya punda, eti zinatuliza upepo. Akaitoboa matundu fimbo ya kuongozea ili ipungue uzito. Akang'oa kipima mwendo kwa sababu kina gramu mia nne. Nikamuuliza, sasa rubani atajuaje mwendo wake?

"Atausikia," akanijibu. Mtu ambaye hata juu ya mkorosho hajawahi kupanda!

Kila nilipokwenda Nachingwea kumkumbusha ahadi yake, jibu lilikuwa lilelile, bado haijakamilika. Sisi ni binamu, yaani watani, kwa hiyo nilimsema nilivyotaka. Nilimwambia kama ni uzito, aanze na kitambi chake. Alicheka mpaka machozi. Utani ule haukumuuma hata kidogo. Ulikuwa unaniuma mimi, kwa sababu nilicheka huku naona ndege ya baba inaharibiwa kipande kwa kipande, na mikono yangu inasahau.

Mwezi wa kumi akaniita bandani kunionyesha mistari ya chaki aliyochora kwenye mabawa, mita moja kutoka kila ncha.

"Jumatatu nakata," akasema. "Bawa fupi ni jepesi."

Nikamweleza kwamba urefu wa bawa ndio unaoibeba ile ndege, kwamba akikata haitafika hata kumi. Nilieleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja kwa nini kitambaa chake hakitoshi gauni.

"Aurelia," akasema, akanipapasa bega, "wewe ni fundi cherehani."

Masikio yangu yaliwaka moto. Niliondoka bila kuaga.

Sasa, wiki hiyohiyo mchwa waliingia bandani. Eliudi akafanya wanachofanya wazee wetu kwenye nguzo za nyumba: akapaka mbao mafuta ya maganda ya korosho. Mchwa hawayagusi. Na mtu pia hayagusi, kila mtoto wa huku aliyebangua korosho anajua yanavyobabua ngozi. Eliudi naye alijua. Ila alipiga hesabu zake, akaona siku tatu za jua zimeyakausha, wakati yanataka wiki nyingi. Alikipaka kiti chote na fimbo yote.

Alhamisi akaalika watu waje kumpiga picha akiwa amekaa ndani, maana Jumamosi alikuwa ametangaza maonyesho makubwa ya ndege kukimbizwa chini tu bila kupaa, kibali cha kiwanja kimetoka na gari la kuvuta limepatikana. Ili kupunguza uzito, alivaa pensi nyepesi ya kuchezea mpira. Uzito wa kupiga picha! Akakaa saa nzima chini ya jua, ameshika fimbo kwa mikono miwili, anatabasamu.

Ijumaa asubuhi makalio na viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Alilala kifudifudi, akanituma kwa simu: "Binamu, watangazie tumeahirisha."

Sikutangaza.

Mimi na Yasini, dereva aliyekuwa akimvuta baba, tulifanya kazi bandani siku nzima tumevaa glovu. Tukang'oa zile ndoo. Tukarudisha kipima mwendo. Fimbo tukaizungushia mpira wa tairi la baiskeli, kiti tukakitoa na kuweka ubao mpya na gunia. Selotepu nikaiacha.

Jumamosi niliogopa, sitaki kudanganya. Miaka mitatu ni mingi. Lakini gari lilipovuta na magurudumu yakaacha kugonga, mikono ikakumbuka yenyewe. Nikaachia kamba. Juu ya mashamba yaliyochomwa mwewe wawili walikuwa wanazunguka, nikaenda kuzunguka nao, na sindano ya kipima kimo ikaanza kupanda. Nilifurahi. Sina neno lingine, nilifurahi mpaka nikaimba.

Ningeweza kurudi kiwanjani. Chini niliona paa la banda, nikafikiria Jumatatu na msumeno. Nikageuza kuelekea Ruangwa. Nilipita juu ya Likunja, nikapata hewa nyingine ya moto, na mchana nikatua Chunyu, kwenye shamba la mama yangu lililovunwa ufuta.

Eliudi alifika jioni kwa bodaboda, amesimama njia nzima juu ya vikanyagio, ameegemeza viwiko mabegani mwa dereva. Nusu ya kijiji ilikuwa imeizunguka ndege. Hakunisalimia, hakuniuliza kama ni mzima.

"Imefika ngapi?"

"Kumi na saba na nusu," nikasema. "Hiyo nusu ni selotepu yako."

Uso ukang'aa, kisha akaona ncha za mabawa. "Umetoa ndoo! Ungeziacha ingefika thelathini!"

"Basi panda," nikamwambia. "Gari naliita sasa hivi, ndoo nazirudisha. Panda utuonyeshe thelathini."

Watu wakapiga makofi. Eliudi akakitazama kiti, akalitazama anga. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Naogopa, binamu," akasema polepole. "Tangu siku ya kwanza. Ingekamilika ningetakiwa kupanda."

Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu ya kumrushia mbele ya kijiji kizima, na mila inaniruhusu. Nikamuonea huruma, nikayameza.

"Msumeno uuze," nikamwambia. "Mengine tutaona."

Akakubali. Siku hizi bado ndiye mwenye ndege, na humwambia hivyo kila mgeni. Mimi nakaa kitini. Yeye anashika ncha ya bawa lisiguse chini, gari likiondoka anakimbia nalo hatua kama ishirini, kisha anaachia na kubaki kwenye vumbi, ameinua mikono.

Wiki iliyopita ameniuliza kama viatu vyepesi zaidi vitaongeza kitu. Nimemwambia vitaongeza sana.