Nukta za Baba

Kitufe cha nafasi kwenye simu ya baba kilikufa miaka mitatu kabla ya mwenyewe. Mzee hakupenda kusumbua mafundi, akawa anatenganisha maneno kwa nukta: Mwanangu.nimefika.salama.msinipigie. Binti yake, karani wa shule, alikuwa amewahi kunakili jumbe zote kwenye kompyuta kabla simu nayo haijazima moja kwa moja. Mchapaji alizitaka leo kabla ya saa tisa kwa ajili ya kijitabu cha ukumbusho.

"Macho yananiuma," shangazi alilalamika, miwani ikiwa puani. "Kaka yangu aliandika kama kuku anayedonoa. Nimeshindwa kusoma hata mstari mmoja."

Binti akaiambia programu itafute nukta, iweke nafasi, kila mahali. Akabonyeza. Kurasa arobaini zikawa nyeupe pee.

"Shangazi, nimemfuta baba."

"Mungu wangu! Si tumemzika mara moja, haitoshi?"

Binti akampigia mdogo wake, fundi wa kompyuta.

"Dada, ile ruwaza niliyokuonyesha ya kuondoa tarehe, ile ya alama moja kusimamia herufi nyingine, umeiacha imewashwa?"

"Hata sijui inazimwaje."

"Basi hapo nukta si nukta, ni herufi yoyote ile. Umeiambia ifute kila kitu, nayo imetii. Umehifadhi?"

"Bado."

"Usifunge! Usiguse—"

Shangazi alikuwa ameshainama, mkono kwenye plagi. "Niizime ipumzike kidogo?"

"Shangazi, wee!" walipiga kelele wote wawili, mmoja chumbani, mwingine simuni.

Binti akabonyeza tendua, kurudi hatua moja nyuma. Baba akarudi mzima mzima. Binti akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa, kabla ya nukta tia kile kimkwaju, kistari kinacholalia nyuma," mdogo wake alisema. "Kinaiambia mashine: hii ichukue kama ilivyo, nukta tupu."

Safari hii maneno yakaachana vizuri. Shangazi akavuta kiti, akasoma kwa sauti:

"Mwanangu dada yangu yuko hapa tangu asubuhi hanyamazi nimejifungia bafuni."

Binti akanyoosha mkono aufute ujumbe ule.

"Acha!" Shangazi akaudaka mkono. "Siku ile aliniambia tumbo linamsumbua! Nikamchemshia maji ya tangawizi, nikampitishia mlangoni!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma upesi. "Peleka kwa mchapaji. Huo uwe ukurasa wa kwanza."